Programu ya kupunguza modeli za saketi: tathmini kutoka Ngamiani, Tanga
Karakana yetu husanifu bodi za saketi, na programu hii tuliinunua kwa sababu kompyuta ilikuwa ikielemewa na milinganyo ya sumakuumeme ya njia za shaba. Inatumia mbinu ya PRIMA, iliyochapishwa mwaka 1998, ambayo hupunguza maelfu ya milinganyo hadi makumi tu huku ikihakikisha kwamba modeli inayobaki haizalishi nishati yake yenyewe. Mbinu ya awali, AWE ya mwaka 1990, haikuwa na dhamana hiyo, hivyo matokeo yake yaliweza kukua bila kikomo. Kwenye njia mbili zilizokaribiana, matokeo yalilingana na hesabu kamili, ila kwenye masafa (frikwensi) ya juu grafu ziliachana mpaka nilipoongeza oda, yaani idadi ya milinganyo inayobaki. Mwongozo ni mfupi mno, na bei, kusema kweli, inauma.