Kirauta cha Linux dukani kwangu Ngamiani: uzoefu wangu

Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga. Kutoa kopi, kuprinti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Intaneti ikilala, na duka limelala. Kisanduku cha kampuni ya mtandao kinaleta intaneti vizuri tu, ila nilitaka wateja wanaoomba waifai wawe na mtandao wao na kompyuta zangu zenye nyaraka za watu ziwe na wake. Ndiyo sababu ya kuchukua kirauta kidogo, yaani kifaa cha kugawa intaneti, kinachotumia OpenWrt, mfumo wa Linux wa rauta ulioanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa rauta ya Linksys WRT54G. Changu kina RAM ya MB 128 na hifadhi ya MB 16, kinatosha kwa duka.

Nakisifu, lakini si cha kuchomeka na kuondoka.

Kwanza, usihangaike kutafuta waifai yake kwenye simu. Ukiweka OpenWrt yenyewe, waifai kwa kawaida inakuja imezimwa hadi uiwashe. Chomeka waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) hadi kwenye laptopu, fungua 192.168.1.1, ambayo ni anwani ya kirauta, kwenye brauza, ingia kwa jina la root bila nenosiri, halafu weka nenosiri hapo hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Tulipounganisha tundu la WAN (la kuingizia intaneti) na kisanduku cha kampuni, taa ziliwaka zote, intaneti hakuna. Mpwa wangu anayenisaidia dukani akakata tamaa mapema: "Mjomba, hiki kidude kimekufa." Nikamwambia, "Hakijafa, tazama WAN imepewa anwani gani." Imepewa 192.168.1.23. Kisanduku cha kampuni nacho kinajiita 192.168.1.1, sawasawa na kirauta. Ni kama Ngamiani kungekuwa na Barabara ya 12 mbili, umwambie wa bajaji akupeleke. Kirauta kinaambiwa njia ya kutokea ni 192.168.1.1, kinajitazama, kinaona ni chenyewe. Visanduku vingi vya majumbani vinatumia anwani hiyo, kwa hiyo anayeanza ategemee kukutana na hili.

Dawa ni kubadili anwani ya LAN ya kirauta, mathalani 192.168.5.1. Na hapa pana mtego ambao maelezo mengi yanauruka. Ukibonyeza kuhifadhi, kirauta kinakusubiri sekunde 90 uingie kwa anwani mpya. Usipoonekana, kinarudisha ya zamani. Laptopu bado imeshikilia anwani yake ya mwanzo, haifiki, na wewe unadhani mabadiliko yamekataa. Chomoa waya, uuchomeke tena ili laptopu ipewe anwani mpya, kisha fungua 192.168.5.1 haraka. Mpwa wangu alivyoona ukurasa umefunguka alinyamaza, akaenda kuendelea na kopi zake.

Siku hizi intaneti ikikatika tunaanza na amri ya ping, inayopima kama anwani fulani inajibu, kwenda 8.8.8.8 ya Google. Ikijibu huku majina ya tovuti hayafunguki, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Isipojibu, tunatazama WAN ina anwani au haina. Kama haina, ni waya au ni kisanduku cha kampuni, kirauta tunakiacha. Umeme ukirudi baada ya kukatika, tazama na saa: virauta vingi havina betri ya saa, na saa ikiwa nyuma, huduma zinazokagua vyeti vya usalama zinaweza kugoma mpaka irekebishwe.

Ukijifungia nje kabisa, kuna hali ya dharura: bonyeza kitufe wakati taa inamweka mara kirauta kinapoanza kuwaka, ipe laptopu anwani 192.168.1.2 kwa mkono, kisha ingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa na kukiandikia amri) kwenye 192.168.1.1. Amri ya firstboot inafuta mipangilio yote, ukiwasha upya unaanza upya.

Mtandao wa wateja umekaa pembeni kama nilivyotaka. Nilichokiona pungufu ni waifai: yangu ni ya GHz 2.4 peke yake, na mtaa umejaa waifai za masafa hayo hayo, jioni inakuwa nzito. Kompyuta zangu nimezipa waya.

Ukienda kununua, geuza kirauta usome kibandiko cha chini. Jina likiwa moja lakini toleo ni v1 au v2, vya ndani vinaweza kuwa tofauti kabisa, na OpenWrt ikakubali kimoja ikakataa kingine. Chenye hifadhi ya MB 8 na RAM ya MB 64 kiache dukani hata kikiwa cha bei poa.