Kupandisha usukani wa Honda CBR600F4i: mikono iliyoinuliwa au bomba zima?

F4i ya 2001 hadi 2006 haikulazi juu ya tangi kama Yamaha R6, lakini baada ya saa moja na nusu ya lami viganja huanza kufa ganzi, maana kifua kizima kimeegemea mikono. Dawa yake si kwenda dukani kuchukua usukani wa Boxer. Pikipiki hii haina bomba moja la usukani. Ina mikono miwili ya alumini, kila mmoja umebana shokapu yake ya mbele, yenye unene wa mm 43, juu ya sahani inayozishika shokapu zote mbili. Ukitaka kuinuka unabadilisha mikono hiyo, au unabadilisha sahani yenyewe.

Mikono iliyoinuliwa, aina ya HeliBars kutoka Marekani, ndiyo ya kuanza nayo, na kwa wengi ndipo pa kuishia. Inabana palepale pa mikono ya kiwandani, ila shina lake limepandishwa na kurudishwa nyuma kidogo. Huko kurudi nyuma usikudharau: mkono ukisogea hata sentimita moja kuelekea kwa dereva, kiwiko kinalegea, na kiwiko kilicholegea ndicho kinachookoa kiganja. Pia imekusudiwa kutumia waya na mipira ya breki iliyopo. Tunaipa 8 kati ya 10.

Kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma na ufunike tangi kwa blanketi nzito. Ondoa vizito vya ncha za mikono. Gripu ya kushoto itoe kwa upepo wa kompresa, bisibisi huichana. Mpira wa breki usiuguse: fungua bolti mbili za silinda ya breki, kisha uifunge kwa kamba ikae wima, kikopo cha mafuta ya breki juu, hewa isiingie. Toa ringi ya kuzuia iliyo juu ya shokapu, legeza bolti ya kubana, vuta mkono wa zamani.

Ugumu uko kwenye swichi. Ndani ya kasha lake kuna kinundu kidogo kinachotakiwa kuingia kwenye tundu la mkono. Kama mkono mpya hauna tundu, kaa juu ya pikipiki, weka swichi gumba linapofika, tia alama, ndipo utoboe. Kuna mafundi wanaokikata kinundu ili kuokoa dakika kumi. Matokeo yake kasha linazunguka, na la kulia ndilo lililobeba aksileta.

Silinda ya breki ikirudi, kibano chake kina herufi UP: zitazame juu, ukaze bolti ya juu kwanza kisha ya chini, kama Nm 12 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bolti ya M8 inayobana shokapu inataka kati ya Nm 22 na 27. Ukipita hapo, alumini ndiyo itakayolia.

Sasa jaribu kabla ya kutoka getini. Washa injini, iache ingurume taratibu bila kuvuta aksileta, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, waya wa aksileta umevutika, na siku utakayogeuza pikipiki barabarani itaondoka yenyewe. Gripu iwe na mchezo wa mm 2 hadi 6, ncha ya mkono wa klachi mm 10 hadi 20. Angalia gumba lisibanwe na tangi, kikopo cha breki kisiguse kioo, nyaya za swichi zisikunjwe. Kinachogusa kisogeze, kizuizi cha usukani kisipigwe msasa.

Mikono isiyo na jina inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa tunaipa 3. Imeandikwa 43, lakini ukiweka kalipa ya kupimia ndani unakuta tundu limechongwa kubwa mno au lina umbo la yai. Kuna kipimo kisichohitaji kalipa: baada ya kukaza, ule mwanya wa kibano ubaki unaonekana. Ukiwa umefumba kabisa, kibano kimejibana chenyewe, shokapu haijashikwa, na mkono utazunguka siku utakaposhika breki kwa nguvu.

Njia ya tatu ni seti kamili, kama zile za LSL na ABM za Ujerumani: sahani mpya, bomba la mm 22.2 na mipira mirefu zaidi. Mkao unakuwa wa pikipiki ya kawaida kabisa. Starehe 9, gharama na usumbufu 4. Kava za plastiki za mbele huenda zikahitaji kukatwa. Upepo nao unakupiga kifuani, na gurudumu la mbele linapungua uzito, hivyo ukitoka kwenye kona kwa mafuta mengi usukani hutikisika. Kwa anayeishi Ujerumani, hakikisha karatasi za seti zinataja modeli yako, la sivyo TÜV, wakaguzi wa vyombo vya moto, watairudisha.

Kwa Nairobi na Dar, mtego wa seti hii uko kwenye ule mpira mrefu wa breki. Wapo wanaoutengenezesha kwa wauza mipira ya haidroliki ya matrekta. Mipira hiyo kwa kawaida ni ya oili. Mafuta ya breki ya DOT 4 huila raba ya ndani, nayo huvimba na kuziba. Agiza mpira wa breki wenye wavu wa chuma na bomba la PTFE (Teflon) ndani, washa za shaba mpya pande zote mbili za kila bolti ya mpira, na ukaze Nm 34. Toa hewa mpaka mkono wa breki uwe mgumu, ufunge kwa mpira wa tairi ukiwa umebanwa usiku kucha, asubuhi utazame kama kuna tone kwenye washa.