Curse of the Golden Flower ya kutafsiriwa: mtafsiri kaniaibisha mbele ya mama mkwe

Jamani mimi na muvi za kutafsiriwa basi tena. Au sijui, ngoja niwaeleze kwanza.

Mama mkwe alikuja kutusalimia kipindi kile cha mvua, na yeye ukimwekea muvi ya Kichina ya kizamani, zile za majumba ya kifalme na magauni yanayoburuza, hata chai anasahau. Nikaenda kibandani stendi kijana anirushie kwenye flashi hiyo Curse of the Golden Flower ya mwongozaji Zhang Yimou ya 2006, niliiona nikiwa chuo ikanikaa kichwani. Akasema anayo iliyotafsiriwa tu. Nikaona poa, mama Kiingereza hapandi, si ndo vizuri.

Mwanzo tuko safi. Gong Li ndo malkia, mumewe mfalme ni Chow Yun-fat, na huyo mume kaamuru mkewe anyweshwe dawa kila saa ikifika. Inaletwa kwenye sinia, watu wamesimama wanamsubiri aimalize, mkono unamtetemeka. Pale kwenye muvi yenyewe kuko kimya, ndo utamu wake. Mtafsiri wetu sasa: "Kunywa mama, supu ya pweza hiyo!" Nikavumilia. Mama mkwe wala hakucheka, akasema taratibu, "Huyu mwanamke anapewa sumu." Kajua kwa kumwangalia uso tu, na ni kweli, dawa imetiwa uyoga mweusi wa kumharibu akili.

Kilichonimaliza ni malkia na mwanamfalme Wan. Wan ni wa kambo, kazaliwa na mke wa kwanza wa mfalme, ukikosea hapo muvi nzima umeiua. Jamaa kwa sauti ya juu, sabufa inatikisa kabati: "Oneni mama anamtaka mwanawe wa kumzaa!" Sebuleni! Mama kakaa kwenye mkeka, mume wangu ghafla anatafuta chaja. Nikajitetea, mama si mwanae huyo, ni wa kambo. Akanigeukia: "Kwa hiyo wa kambo ndo ruhusa?" Akabeba khanga yake akaenda kulala, mimi ndo nimeonekana nimemletea mzazi uchafu. Na ukifikiria hana kosa, kambo au si kambo aibu ni ileile, lakini bado!

Halafu undugu wa kweli uliomo mle kaupita kama hauoni. Yule binti anayepeleka dawa, Chan, yuko kwenye mapenzi na huyo huyo Wan, kumbe mama yao mmoja, yule mke wa kwanza ambaye watu walijua kafa kumbe kaolewa na tabibu wa ikulu. Siku inafichuka binti anapiga ukelele anatoka mbio, mimi mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Mtafsiri muda huo anawasalimia washkaji zake wa mtaani, mmoja mmoja kwa jina.

Kesho yake nikarudi kibandani nimevimba. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Sista, muvi ya Kichina watu wanaangalia mapigano, nani anahesabu ndugu?" Nani anahesabu ndugu!! Nikadai jero yangu, akasema hela hairudi, labda anirushie ya Kikorea bure. Nikaondoka bila kuaga.

Jirani akanisaidia original yenye maandishi ya Kiingereza, tukaanza upya, mimi ndo namsimulia mama. Alikubali kukaa kwa masharti, eti yakianza mambo yale nisogeze mbele. Nikasogeza. Tukafika usiku wa sikukuu, uwanja wa ikulu umejaa maua ya njano, majeshi yanauana juu yake, halafu watumishi wanatoka wanaosha damu, wanatandika mazulia, wanapanga vyungu vipya vya maua kama hakijatokea kitu. Pale mama akashika shavu. "Na karamu itaendelea?" Nikamwambia itaendelea. Akasonya sonyo moja refu, nikajua imemwingia, nikajiona mshindi kabisa.

Muvi ilipoisha nikamuuliza, mama si bora hivi? Akasema muvi nzuri, ila wewe mwanangu unasimulia kama unasoma barua ya posa, yule kijana wa siku ile alikuwa anachangamsha.

Basi Jumamosi nimetumwa stendi, na kanisisitiza iwe ya yule yule.