Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, paketi ya siku nane: maoni yangu kwa wadau wa Mwanza

Wadau wa Mwanza mnaoulizia Kilimanjaro, mimi jibu langu ni moja, lipieni Lemosho ya siku nane na msikubali mtu awauzie ile ya Marangu ya siku tano kwasababu tu bei iko chini. Nasema hivi kwa uhakika kabisa maana hela yenyewe sio ndogo, na mtu akishatoa hela yake anataka kufika juu.

Kuna kitu huku kwetu wengi hawakiangalii. Usawa wa ziwa hapa Mwanza ni kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Sisi tunajiona tunajua kupanda kwasababu mji wetu wote ni mawe, mtu anakaa juu kabisa Mabatini au Igogo anapandisha ndoo ya maji kichwani kila siku, kwahiyo miguu anayo kweli, hilo sibishi. Ila kule shida ni hewa. Pale kileleni pumzi moja inakupa nusu na kidogo tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Kirumba, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, hata uwe unakimbia asubuhi kila siku mpaka Capri Point na kurudi. Kikundi chetu ni watu wa mazoezi haswa na bado kuna kijana, tena ndo mwenye mbio kuliko wote, mlima ulimshika vibaya, nitamfikia.

Lemosho unaanzia upande wa magharibi, mnajiandikisha geti la Londorossi halafu gari inawasogeza mnaingia msituni. Siku ya kwanza fupi tu, mnalala kambi ya Mti Mkubwa, mbega wanaruka juu ya miti, hamna cha ajabu zaidi ya tope. Kesho yake ndo msitu unaisha mnatokea kwenye uwanda wa Shira, na hapa jamani naomba nikae kidogo maana hii sehemu ndo imenifanya niandike.

Shira ulikua mlima wa moto wenyewe kabisa, ni mkongwe kuliko Kibo (ndo yenye kilele cha Uhuru) na Mawenzi, wenzake wawili wa Kilimanjaro, ulishakufa zamani ukaporomoka na kulika, kilichobaki ni uwanda mpana uliolala kwenye mita 3,500 na kitu mpaka karibu 3,900. Unatembea masaa na masaa kwenye nyasi fupi na vichaka na mawe meusi, huoni mti wa maana, upepo unapiga, Kibo iko mbele yako mchana kutwa na ukigeuka nyuma unaona Meru imechomoza juu ya mawingu. Asubuhi pale kambi ya Shira 1 mawingu yalikua yametanda chini yetu yametulia kama ziwa kabla wavuvi hawajarudi, tukasimama wote kimya. Watu wa paketi fupi hili hawalipati, wao wanakimbizwa juu. Na hii sehemu sio ya kupiga picha tu, hizo siku mbili za kutembea tambarare kwenye hewa nyepesi ndo zinazoandaa mwili, unapanda kidogo unalala, kesho tena kidogo, kichwa kinauma kidogo halafu kinaacha. Muongozaji wetu mkuu, mzee wa Kichaga ambae sote tulikua tunamwamkia shikamoo kila asubuhi, alikua anatuambia "wanangu, hapa Shira ndo mnalipa deni la kule juu", na mtu akitaka kumpita mbele anamrudisha nyuma bila kumuonea haya.

Baada ya Shira 2 mnapandishwa mpaka Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, mnakula pale, halafu mnashushwa tena kulala Barranco chini ya mita 4,000. Mtu anaeza kuona ni usumbufu, kwanini tupande tushuke, lakini ndo dawa yenyewe hiyo, panda juu lala chini. Pale Lava Tower ndo yule kijana wetu alianza kutapika. Hapa nawapa waongozaji alama zote. Hawakupiga kelele, walimkalisha, wakampima oksijeni na kile kidude cha kubana kidole (walikua wanatupima wote asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari), wakamuuliza maswali, wakamtembeza kwenye mstari waone kama anayumba, halafu msaidizi mmoja akamshusha Barranco kabla yetu akiwa hana hata begi mgongoni. Jioni tumefika tumemkuta anakunywa uji. Alifika Stella Point yule, ambapo ni ukingo wa kreta kwenye mita 5,700 na kitu, akaridhika akashuka.

Mpishi nae nimpe sifa zake. Tulibeba dagaa wetu wakavu kutoka huku, tukamkabidhi, usiku wa Shira 2 akawaunga na nyanya na kitunguu wakaliwa na ugali, watu ambao walikua hawana hamu ya kula wakamaliza sahani. Na kule kupika sio mchezo, kwenye ule urefu maji yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 90, maharage yanaweza kuwa jikoni mpaka gesi iishe, kwahiyo mwenyewe alikua na presha kuka. Maji ya mwisho yako kambi ya Karanga, kambi ya Barafu hamna kabisa, kila tone mnalokunywa kule limebebwa na wagumu, yaani wapagazi, kichwani.

Hao wagumu ndo naomba muwaangalie sana kabla hamjalipa kampuni yoyote. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 na mizigo inapimwa, uliza kampuni wanawalipa kiasi gani kwa siku, wanalala kwenye hema gani, wanakula mara ngapi. Wetu walikua na buti za maana na walikula vizuri, niliwauliza mwenyewe nikiwa nakaa nao jikoni. Ukuta wa Barranco sisi tunapanda kwa mikono na miguu tunahema, wao wanapita pembeni na mizigo wanatusalimia. Kampuni inayokupunguzia bei sana inaitoa hiyo hela kwa hawa watu, hakuna muujiza mwingine.

Usiku wa kilele mnatoka Barafu kama saa sita. Baridi ni kali vibaya mno, chini ya sifuri, maji kwenye mrija yanaganda. Hatua ndogo ndogo tu mpaka jua linatoka. Tumefika Uhuru mimi nimelia, nikamkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliepandisha bendera na mwenge pale usiku wa uhuru Desemba 1961, na Yohani Kinyala Lauwo ambae anakumbukwa kama muongozaji wa Hans Meyer, yule Mjerumani wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889, bila koti wala buti kama zetu. Barafu ya kule kileleni bado ipo ila zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo 1912 imeshapotea, kama una mtoto mpeleke aione.

Sasa lalamiko, na ndo maana jina la kampuni siliweki. Begi la kulalia nililokodi kwao zipu ilikua mbovu, inafunga mpaka kiunoni tu, nimelala Barafu nimevaa kila nguo niliyonayo. Niliwaambia tulivyoshuka Mweka, wakaomba radhi na kurudisha hela ya kukodi, sawa, lakini kifaa cha kumlinda mtu na baridi hakitakiwi kutoka stoo bila kukaguliwa. Nimetoa nyota nne kwasababu hiyo moja tu. Nyie fungueni kila kitu mkiwa bado Moshi, zipu, vijiti vya hema, taa ya kichwani. Sweta na jaketi zito msikodi, soko la Mlango Mmoja huku Mwanza zipo mitumba nzuri tu ukivumilia kuchambua.

Mengine kwa haraka: beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na kiko chini mno ukilinganisha na cha mgeni. Bakshishi ipangeni mapema na kila mtu apewe mkononi, mbele ya wote. Ukiwa na presha, moyo au pumu kamuone daktari kwanza, na hiyo Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea urefu, usimeze kwa kuambiwa na jirani. Msimu mzuri ni Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, au Juni mpaka Oktoba. Basi za Arusha zinatoka stendi ya Nyegezi, ni safari ya kutwa nzima, kwahiyo mkifika Moshi laleni hata usiku mmoja kabla ya kwenda getini.