Usiku wa nyota Kajiado: shangazi alihesabu mitatu

Nimengoja hasira ipoe kabla sijaandika. Haijapoa, basi acha niandike hivyo hivyo.

Majuzi, mwezi ukiwa bado haujaandama, nilimpeleka shangazi yangu kwenye kituo kimoja cha kutazama nyota upande wa Kajiado. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Shangazi alikuwa Nairobi kwa ajili ya macho. Ametoka Lamu na mtoto wa jicho pande zote mbili, akafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, daktari akamruhusu kurudi kwao. Nikasema kama macho yamerudi, tuyape kazi. Elfu tatu na mia tano kila mtu, chai na mandazi ndani.

Mahali penyewe sina neno. Giza ni giza kweli, lile ambalo watu wa Nairobi tumelisahau, na ukitazama juu unajikuta umenyamaza bila kuambiwa. Mandazi pia yalikuwa ya moto. Nimemaliza kusifu.

Sasa yule mwongozaji. Kijana nadhifu, koti lenye nembo, taa kichwani, na darubini ndogo ya macho mawili imening'inia kifuani tangu tulipofika hadi tunaondoka. Sikumwona akiinyanyua hata mara moja. Alituamuru tuzime simu ili macho yazoee giza, na ni kweli, macho hutaka dakika ishirini au nusu saa. Ila kila akigeuka kujibu swali anatumulika usoni na taa yake nyeupe pe! Wanaoijua kazi hiyo hutumia taa nyekundu. Hata mimi nilijua.

Shangazi akainua kichwa, akacheka peke yake. "Kilimia kile!" Miaka mingapi alikuwa hajakiona, maskini.

"Inaitwa Pleiades, shosh," kijana akasema.

Shosh! Mwanamke wa Lamu, na buibui lake, anaitwa shosh, yaani nyanya kwa lugha ya mitaa ya Nairobi, na mtoto asiyejua anatoka wapi. Shangazi akamjibu kwa upole ule wao unaokata: "Kwenu ni Pleiades, mwanangu. Kwetu ndicho tulimiacho." Akamtolea na methali yake, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kijana alishafika kwenye takwimu zake: miaka ya nuru mia nne na arobaini, nyota za buluu, na kadhalika. Kasoma, sikatai. Shangazi akaomba akione kwa darubini kubwa. "Hiyo haiko kwenye programu."

Baadaye niliambiwa kwamba darubini kubwa kweli haikifai Kilimia. Kimetandaa mno, utaona nyota mbili tatu tu za kipande. Kinachokifaa ni darubini ndogo ya macho mawili. Ile iliyokuwa kifuani mwake.

Lakini kilichonifanya niandike ni Mshtarii, sayari ambayo kijana anaiita Jupita. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu apewa sekunde chache kabla ya kuambiwa "haya, mwingine". Zamu ya shangazi ikafika. Akainama, akatulia, akasema, "Naona mitatu."

"Ni minne," kijana akasema, hata hakusogea. "Miezi minne ya Jupita. Angalia vizuri."

"Mitatu. Miwili huku, mmoja huku."

"Shosh, ni minne. Labda ni macho."

Watu wakacheka. Mimi nikahisi damu inapanda. Shangazi akajiinua taratibu, akavuta mtandio wake, akasema, "Mato yangu ni mapya, wewe yako ni ya lini?" Wakacheka tena, safari hii upande wetu, lakini foleni ikasukuma na tukatoka.

Nilikwenda kudai pesa zangu. Nikajibiwa hazirudishwi, maana mbingu ilikuwa wazi. Ati mbingu! Kana kwamba wao ndio walioifungua.

Kulikuwa na binti mmoja msaidizi, nadhani mwanafunzi wa chuo, kazi yake kumwaga chai. Alikuwa amesikia. Akaiacha birika, akaenda kwenye darubini, akachungulia yeye mwenyewe (jambo ambalo bosi wake hakulifanya usiku kucha) na akarudi mbio. "Bi, ni mitatu kweli." Mmoja, Io, ulikuwa umepita nyuma ya Mshtarii. Huizunguka sayari kwa muda usiofika siku mbili, na kila mzunguko hujificha huko saa mbili na kitu. Akamwambia pia kwamba Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, usiku wa tarehe 7 Januari 1610, naye alihesabu mitatu. Wa nne hakuubaini mpaka siku kadhaa baadaye. Shangazi akauliza, "Naye aliambiwa ni mato?"

Tukangoja. Wengi walishaondoka, baridi imeingia mifupani, na kijana anaendelea na hotuba yake ya Hubble, ile darubini iliyoko angani. Hotuba nzima hiyo, na hakuitaja hata kwa bahati mbaya setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi hapa hapa kwetu, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Basi. Binti akamwita shangazi tena. Akainama, kimya, kimya kirefu, hakuna wa kumwambia "mwingine". Halafu akaninyooshea mkono bila kutoa jicho, akanishika kiganja akakiminya. "Umetoka. Uwo! Kama umezaliwa sasa hivi."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika msiende. Nimefuta. Nendeni, ila mkimkuta mwenye taa kichwani kaeni mbali naye, mtafuteni anayemwaga chai. Au msiende, sijui. Nikiikumbuka ile "labda ni macho" natamani kurudisha sentensi ya kwanza.

Shangazi yuko Lamu sasa. Jana amenipigia, hakuniuliza hali, kauliza darubini ya macho mawili Mombasa huuzwa wapi na kwa bei gani.