MSI B450 Tomahawk MAX: kioo cheusi, usikimbilie kusema mazabodi imekufa

Oya wakuu karibuni tena, leo mezani nina MSI B450 Tomahawk MAX, mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) ya 2019 ila watu bado wanaisaka kwa sababu soketi yake ya AM4 (pale prosesa inapokaa) inakubali prosesa za AMD za Ryzen 5000, na vilio vinaanzia hapohapo, mtu kanunua bodi iliyotumika kafunga Ryzen 5 5600 mpyaa, feni zinazunguka, kioo cheusi tii, fundi anamwambia mazabodi imekufa. Ngoja kwanza bana.

Cheki hapa, kuna vitaa vinne: CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya grafiksi) na BOOT (diski ya kuwashia). Kinachobaki kinawaka ndo kinakwambia imekwama wapi. Kikiwa cha DRAM bakisha ramu moja tu, ichomeke slot ya pili kutoka kwenye prosesa. Kikiwa cha VGA angalia waya wa kioo umeuchomeka wapi, maana 5600 haina grafiksi ndani yake (5600G ndo inayo), ukichomeka kwenye bodi badala ya kadi utakesha. Kikiwa cha CPU, kwenye bodi hizi shuku baiosi ya zamani kwanza (ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha), prosesa ya 2022 hiyo, baiosi ya 2019 itaijulia wapi?

Sasa hiki kitufe cha nyuma, Flash BIOS, ndo sababu mi naikubali hii bodi. Kinaapdeti baiosi bila kutaka prosesa wala ramu. Unaingia saiti ya MSI wenyewe, sio vile visaiti vya "apdeti draiva zote bure", unatafuta jina kamili likiwa na hilo neno MAX, kwa sababu Tomahawk ya kawaida ina chipu ya baiosi ya MB 16 na hii ya 32, mafaili hayaingiliani. Faili unalibadilisha jina liwe MSI.ROM, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, nje ya folda yoyote, unachomeka kwenye ile USB waliyoiandika Flash BIOS, pawasaplai iwe imeunganishwa kwenye bodi waya zote mbili, mkubwa na ule wa CPU, halafu bonyeza. Taa itablinki dakika kadhaa, usiguse kitu! Na kama mtaani kwenu umeme una mambo yake tumia UPS, ukikatika katikati itabidi urudie upya.

Kinachonikera ni kimoja, haina Wi-Fi, andaa hela ya adapta.