Datsun 240Z ya 1972 na Toyota Noah ya 2015: uzoefu wangu na magari yote mawili

Ukisoma karatasi tu utadhani ni ndugu. Datsun 240Z, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, iliuzwa kwa nguvu za farasi 151. Noah yangu ya lita 2.0 ina 152. Tena zile za Datsun zilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa imefungwa peke yake bila vifaa vingine inavyoviendesha ikiwa ndani ya gari, kwa hiyo farasi halisi ni pungufu ya hao. Kinachogeuza mambo ni uzito. Datsun ina kilo 1,000 na ushei. Noah inazidi 1,500 kabla hujapakia watoto, shemeji na gunia la viazi.

Datsun ni ya baba mkwe, aliyeipenda tangu Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally ya 1973 akiendesha gari la aina hiyo. Hunipa ufunguo Jumapili asubuhi, Nairobi ikiwa bado imelala. Unakaa chini, karibu uguse lami, boneti ndefu imejinyoosha mbele yako. Usukani hauna pawa, kwa hiyo kuliegesha tu ni jasho, ila likishashika mwendo usukani unalainika na kila kijiwe barabarani unakisikia viganjani. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, hiyo sauti! Sijui gari la leo lenye sauti ya namna hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida.

Kuliwasha kukiwa na baridi ni kazi ya subira: uvute choki, kile kishikio cha kuipa injini baridi petroli zaidi, usikilize, uirudishe kidogo kidogo. Kabureta zake mbili zinataka fundi mwenye sikio, na hao wamebaki wazee. Vijana wa gereji huanza kwa kutafuta mahali pa kuchomeka kompyuta.

Noah haina mapenzi ya aina hiyo. Kwenye mlima injini inanguruma kuliko gari linavyosogea, na kwenye kona linalala upande. Lakini nikiteremka Mai Mahiu kwenye ukungu, malori mbele na nyuma, nataka breki zenye ABS, zisizoacha magurudumu yajifunge, na nataka watoto wamefungwa mikanda kwenye viti vya nyuma. Datsun ina viti viwili tu, maneno yameisha. Milango ya kuteleza ya Noah peke yake imeniokoa na ugomvi mwingi wa maegesho, na viti vya mwisho ukivikunja ubavuni linageuka pikapu.

Kama una pesa ya gari moja, chukua Noah, wala usikae kikao. Spea zake utazipata Kirinyaga Road kabla ya chakula cha mchana. Za Datsun nyingi utaagiza ng'ambo na kulipia ushuru. Ukiitaka Datsun hata hivyo, kwanza lala chini ukague kutu sakafuni na chini ya betri. Rangi utaiangalia baadaye.